Kabla ya kupaka rangi motokari, tutengeneze eshapema

Ndugu wanamemba wa kooperativa, safari hii hatutaandika juu ya mbegu wala juu ya magonjwa ya muhogo. Tutaandika juu ya bomba la moshi la motokari, ile mafundi wetu wanaiita eshapema. Tunajua wengine watacheka: maagronome wameacha shamba, sasa wamekuwa mafundi wa garaji! Mcheke tu, lakini msome mpaka mwisho, juu mwezi wa pili uliopita bado kidogo tuzike watu kwa sababu ya bomba hilo, na sisi wawili tunaoandika tulikuwa ndani.

Wengi wenu munaijua ile motokari. Ni minibasi ya zamani, Toyota HiAce ya esanse, ilitoka Ulaya ikiwa tayari imezeeka. Wenye nayo wa kwanza walikuwa wanatembea nayo na kulala ndani: nyuma kuna kitanda cha mbao, kabati ndogo, na pazia kwenye madirisha. Kooperativa ilipoinunua, wengine walisema kitanda kitolewe ili magunia yapate nafasi. Komite ilikiacha, na haikukosea. Mwenye kusafiri kati ya Kindu, Kibombo na Tunda wakati wa mvua anajua kwamba atalala njiani, na afadhali kulala juu ya kitanda kuliko juu ya matope. Kwa hiyo gari lile ni gari la mpunga mchana, na usiku ni nyumba.

Siku ile tulikuwa tunarudi Kindu kuuza mchele. Tulikuwa watu sita: shofere, konvoyeri, mama mtunza feza, mzee mmoja wa komite, na sisi wawili. Mbele yetu kamyo moja ilizama matope, barabara ikafungwa, na mvua ikaanza kunyesha kama vile inavyonyesha huku kwetu. Tukafunga madirisha. Simu zote zilikuwa zimekwisha moto, ndipo shofere akaacha motere inazunguka pole pole ili tuzichaji na tupate mwangaza kidogo. Hakuna aliyeona ubaya. Eshapema ilikuwa inapiga kelele tangu Kindu, lakini ilikuwa inapiga kelele tangu mwaka jana pia, na masikio yetu yalikuwa yameizoea.

Mama mtunza feza alikuwa amelala nyuma kwenye kitanda. Katikati ya usiku akaanza kutapika. Mzee akasema ni malaria, ndani ya kikapu kuna vidonge, apewe. Sisi wenyewe vichwa vilikuwa vinatugonga, tukafikiri ni uchovu. Konvoyeri, kijana aliyekuwa analala kando ya mlango, alitaka kushuka kumtafutia mama maji, miguu ikakataa, akaanguka chini kwenye matope na kuacha mlango wazi. Kuanguka kwake ndiko kulituokoa, kwa maana hewa iliingia. Tukamteremsha mama, tukakaa wote chini ya mvua tukitetemeka, na baada ya muda kichwa kikaanza kuwa chepesi. Shofere alizima motere kwa sababu esanse ilikuwa inapungua. Hakuizima kwa sababu ya moshi, wala hakuna mmoja wetu aliyeutaja moshi usiku ule.

Kesho yake, kwenye kituo cha afya cha njiani, nesi alitupima malaria wote sita. Mmoja tu alikuwa nayo, na huyo hakuwa mama. Nesi akauliza swali moja: «Mulilala wapi?» Tulipomwambia, akatoka nje, akaomba shofere awashe motere, akainama kando ya kiti cha mbele na kusikiliza. Yeye si fundi, lakini alisikia kile ambacho sisi tulikuwa tumeacha kukisikia.

Tueleze kidogo, kwa maana jambo hili halionekani kwa macho. Esanse inapoungua ndani ya motere, inatoa hewa moja yenye sumu inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Kile kinachonuka ndani ya moshi ni vitu vingine. Unaweza kuwa unavuta sumu hii bila kusikia harufu yoyote. Ikiingia kwenye mapafu inashika damu mahali pale pale oksijeni ingeshika, tena inashika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Damu inazunguka kama kawaida lakini haibebi tena kitu cha kuutunza mwili. Kwanza kichwa kinauma, kisha kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inalegea, usingizi mzito. Mwenye kulala anapita kutoka usingizi mpaka kifo bila kupiga kelele.

Mutazame vizuri orodha hiyo. Kichwa, kichefuchefu, uchovu, kutapika: nani hapa Maniema, akisikia maneno hayo, hatasema malaria? Hapo ndipo hatari kubwa iko kwetu. Huko Ulaya mtu akiumwa kichwa ndani ya gari atafikiri gari. Sisi tunafikiri mbu, tunameza vidonge, kisha tunarudi kulala ndani ya gari lile lile. Ni safari ngapi za Kindu ambazo wanamemba walirudi «na malaria ya njia»? Hatutasema zote zilikuwa moshi. Lakini kuna alama za kutofautisha, na kila mwenye kusafiri azishike: kama watu wengi ndani ya gari wanaumwa kichwa kwa wakati mmoja, hawana homa, na wakishuka nje wanapata nafuu, basi mufikiri moshi kwanza. Muzime motere, mushuke wote, mlegevu atolewe nje na asiachwe alale peke yake, apelekwe hospitali hata kama anasema amepona. Na kipimo cha malaria kifanywe pia, kwa maana mtu anaweza kuwa na vyote viwili.

Sasa turudi kwenye bomba lenyewe. Tulipofika Tunda tuliomba motokari ipandishwe juu ya magogo na tukaingia chini na fundi. Sisi tulisomea agronomia, mekaniki tunaijua kwa kuumia, lakini tulichokiona hakikuhitaji diplome.

Kwenye HiAce hizi za zamani motere iko chini ya viti vya mbele. Maana yake, mahali pale moshi unatokea motere, kwenye kile chuma chenye vidole vinne kinachoitwa kolekteri, pako chini ya makalio ya shofere, na kati yao kuna kifuniko tu. Kifuniko chetu kilikuwa kimepoteza mpira wake wa pembeni, na vifungio viwili kati ya vinne havikuwepo. Pale kolekteri inapokutana na bomba palikuwa na alama nyeusi za masizi, kama ukuta wa jikoni. Masizi ndiyo alama ya kwanza ya kutafuta: penye masizi nje ya bomba, moshi unatoka pale. Mbele kidogo bomba lilikuwa limepasuka. Fundi mmoja huko mjini alikuwa amelichomelea mwaka jana, na kazi yake ya kuchomelea ilikuwa nzuri, lakini alilishika bomba moja kwa moja na chuma cha shasi ili lisicheze tena. Hapo ndipo kosa lilipo, na ni kosa tunaloliona kwenye motokari mingi huku, basi tulieleze.

Motere haikai kimya ndani ya gari. Imekaa juu ya mipira, na kila unapoongeza esanse inajigeuza upande. Bomba limefungwa kwenye motere, kwa hiyo lazima nalo licheze pamoja nayo. Ndiyo maana waliotengeneza gari walilining'iniza bomba kwa mipira. Mipira ikikatika, bomba linagonga chini, fundi anaona kelele, anasema tulifunge kabisa. Analichomelea kwenye shasi. Sasa motere inavuta huku, shasi inavuta kule, na kwa barabara ya mashimo kama yetu, baada ya wiki chache kitu kimoja kitapasuka. Kitakachopasuka ni kile dhaifu, na mara nyingi ni karibu na kolekteri, yaani pale pabaya zaidi, chini ya kiti. Kulifunga sana bomba ni kulivunja. Kipande cha mpira wa gurudumu la zamani kilichokatwa vizuri, kikapigwa matundu mawili na kufungwa kwa bulo, kinashika bomba vizuri kuliko sudure yoyote. Tena haina bei. Kila mahali barabarani mipira ya zamani imetupwa.

Juu ya senyenge tuseme ukweli. Kuna watu wa miradi wanaokuja huku, wanaona bomba limefungwa kwa senyenge, wanacheka. Sisi hatucheki. Bomba likianguka kati ya Kibombo na nyumbani, senyenge ndiyo itakurudisha, na shofere asiyebeba senyenge si shofere wa Maniema. Pia tumeona mkebe wa maziwa ya unga uliopasuliwa, ukazungushwa juu ya tundu la bomba, chini yake udongo wa kichuguu, na kolie mbili za kukaza. Ni akili nzuri, inafika. Lakini senyenge inashika tu, haizibi. Na udongo wa kichuguu ukikauka na kutetemeshwa unamwagika. Ubaya unaanza pale matengenezo ya kufika nyumbani yanageuka kuwa matengenezo ya mwaka mzima. Yetu yalikuwa na zaidi ya mwaka.

Kuna jambo la tatu ambalo tulilifanya sisi wenyewe, na hatuwezi kulitupia fundi. Magunia yakizidi, tunafanya nini? Tunaacha mlango wa nyuma wazi, tunaufunga kwa kamba, magunia yanatoka nje kidogo, safari. Tunafikiri mlango wazi unaleta hewa safi. Ni kinyume. Gari linapokwenda mbele linaacha nyuma yake nafasi ambayo hewa inazunguka na kurudi, na moshi unaotoka kwenye bomba unashikwa humo na kuingizwa ndani kupitia mlango ule ule. Muangalie vumbi wakati wa kiangazi: ni wapi vumbi linaingia zaidi? Nyuma. Basi moshi unafuata njia ya vumbi. Na kwenye gari letu mkia wa bomba ulikuwa umekatika, ukiishia chini ya sakafu badala ya kutokeza nje ya bampa. Mama aliyelala nyuma alikuwa analala juu ya mdomo wa bomba. Kama mzigo unazidi, upunguzwe au ugawanywe safari mbili. Tunajua esanse ni ghali. Na mkia wa bomba utokezwe nje kabisa, upite ukingo wa bodi, uelekee upande usio na mlango wa abiria.

Fundi alitufundisha namna ya kupima bila chombo chochote, na tunaitoa hapa kwa sababu kila kooperativa inaweza kuifanya. Asubuhi, motere ikiwa baridi kabisa, mmoja aiwashe, na mwingine azibe mkia wa bomba kwa kitambaa kinene kilicholowa maji, muda mfupi tu, akisimama pembeni na sio mbele ya mdomo. Bomba likiwa zima, motere itaanza kukohoa na kutaka kuzimika, na kitambaa kitasukumwa kwa nguvu. Likiwa na tundu, motere itaendelea kama hakuna kitu, na utasikia shh, shh mahali fulani chini. Pale pakaushwe, pamwagiwe maji ya sabuni, mapovu yataonyesha mahali penyewe. Kazi hii ifanyike nje, kamwe isifanywe ndani ya depo. Na motere ikiwa moto musishike chochote kwa mkono: kolekteri inafika digrii mamia.

Matengenezo yenyewe yalichukua siku mbili. Bulo za kolekteri zilikuwa zimeshikwa na kutu, na ukizilazimisha zinakatika ndani, hapo ndipo kilio. Tulizilowesha kwa mazuti usiku mzima, asubuhi zikafunguka zote isipokuwa moja. (Mazuti yapanguswe yote kabla ya kuwasha motere, la sivyo mutapata moshi mwingine.) Kizibo cha kati ya kolekteri na bomba kilikuwa kimeungua na kuwa kama majani makavu, tuliweka kipya. Ekru tulichagua za shaba, kwa maana hazishikani na kutu, ili atakayefungua tena baada ya miaka miwili asitulaani. Bomba lilining'inizwa lote kwanza kwa mipira, likiwa bado legevu, ndipo likakazwa kuanzia kwenye motere kurudi nyuma, kipande kwa kipande. Ukianza kukaza kutoka nyuma bomba linajipinda, na kizibo kipya hakikai sawa.

Kipande kilichooza kilihitaji bomba lingine, na hapa nusura tufanye kosa la pili. Kijana mmoja alileta bomba la maji, lile lenye rangi nyeupe ya kung'aa. Unene ulikuwa sawa, bei nzuri. Lakini weupe ule ni zinki, na zinki ikichomelewa inatoa moshi unaompa fundi homa na baridi usiku ule ule. Tena atasema malaria! Tulilikataa, tukapata kipande cha bomba la kiti cha chuma kilichovunjika, lakini kilikuwa chembamba. Fundi alikikataa na yeye alikuwa na haki: bomba likiwa jembamba kuliko lile la kwanza, moshi unabanwa, motere inapata joto na inakula esanse zaidi. Mwisho tulikata bomba la motokari iliyokufa zamani. Lilichomelewa likiwa limetolewa chini ya gari, mbali na tanki ya esanse. Hilo tulisimamia sisi wenyewe, juu fundi alitaka kulala chini na kuchomelea pale pale, tanki ikiwa karibu na kichwa chake.

Sasa tuingie kwenye neno lenyewe tulilotaka kusema, na tunajua halitapendeza wote.

Kwenye mkutano wa mwisho wa mwaka, komite ya kooperativa yetu ilipitisha feza ya kupaka motokari rangi na kuandika jina la kooperativa pande zote mbili. Hatukupinga. Sisi pia tulinyoosha mkono, basi lawama hii inatufikia. Shofere alikuwa ameomba kolie na kizibo cha eshapema, akaambiwa: motere inatembea, kelele haiui mtu, subiri msimu ujao. Kile alichoomba kilikuwa na bei ndogo kuliko gunia moja la mpunga. Rangi ilikula mara nyingi zaidi. Rangi inaonekana na wageni, eshapema iko chini na hakuna mgeni anayeinama kuiangalia. Tuseme tu kwamba nasi watu wa miradi tuna sehemu yetu kwenye kosa hili: tunapokuja kutembelea kooperativa tunapiga picha ya jina lililoandikwa kwenye mlango, hatuombi kuona chini ya gari. Watu wanatengeneza kile kinachotazamwa.

Tunaomba mambo mawili, na tunayaomba kwa kooperativa zote zenye chombo chochote cha motere.

La kwanza ni feza. Sheria ya OHADA juu ya kooperativa ilipitishwa mwaka 2010, na inchi yetu iliingia OHADA mwaka 2012. Sheria hiyo inatutaka tuweke akiba kabla ya kugawana faida. Wengi wanaijua akiba kama feza ya siku mbaya. Sisi tunasema kila chombo kipate pia feza yake ya matengenezo, iandikwe kwenye bajeti kwa jina lake, na isihamishwe kwa rangi, kwa sikukuu wala kwa kupokea wageni. Ndani yake, vitu vya eshapema vikae tayari kwenye depo: kolie za vipimo viwili, bulo na ekru, kizibo kimoja, vipande vya mpira vilivyokatwa. Vyote vinaingia ndani ya kindoo kimoja. Tukingoja bomba lipasuke ndipo tutafute kolie Kindu, motokari italala wiki mbili na mchele utalala nayo.

La pili ni gumu zaidi. Shofere wetu analipwa kwa safari. Gari lisipokwenda, nyumbani kwake hakuna chakula. Mtu kama huyo hawezi kusema «leo sitoki, moshi unaingia ndani». Atatoka, atafungua dirisha, ataomba Mungu. Kwa hiyo haitoshi kumwambia awe mwangalifu. Mkutano mkuu unapashwa kuamua kwamba shofere akikataa kutoka kwa sababu ya eshapema, breki au usukani, analipwa siku ile nusu ya safari, na motokari inaangaliwa na fundi kesho yake. Wazee wengine watasema atadanganya ili akae nyumbani. Labda mara moja atadanganya. Tundu la eshapema linapimika kwa kitambaa kilicholowa, tumeeleza hapo juu, na uongo wake utaonekana kabla ya chai.

Tumesikia jibu lingine: motere yetu ni ya mazuti, haituhusu. Ni kweli mazuti yanatoa monoksidi kidogo kuliko esanse. Lakini kidogo ndani ya chumba kilichofungwa si kidogo, na mwaka 2012 shirika la utafiti wa kansa la OMS liliweka moshi wa mazuti kati ya vitu vinavyoleta kansa kwa binadamu. Hapa tunawafikiria hasa akina mama wanaokoboa mpunga. Mashini nyingi za kukoboa zimefungwa ndani ya nyumba ya matofali yenye mlango mmoja, na bomba la moshi linaishia ndani au linatobolewa kwenye ukuta kwa urefu wa mkono tu. Mama anasimama pale siku nzima na mtoto mgongoni. Bomba litoke nje mpaka juu ya paa, mbali na dirisha. Pale linapopita kwenye nyasi au mbao za paa liwekewe bati pana lenye nafasi pande zote, lisigusane na kitu, la sivyo siku ya kiangazi itakuwa moto. Juu ya mashini hizo tutarudi siku nyingine, ni habari ndefu.

Tukitaja moto: toka mwezi wa sita mpaka wa nane majani ya katikati ya barabara yanakauka na kukwaruza chini ya gari. Bomba la moto likikaa juu yake motokari ikiwa imesimama, majani yanashika. Shofere asisimamishe gari juu ya majani makavu, na konvoyeri kila kituo aondoe yaliyokwama juu ya bomba. Na madumu ya mafuta ya mawese yasiwekwe juu ya sakafu iliyotoboka.

Pia kuna babula. Usiku ule wa mvua mzee alikuwa amependekeza tuingize babula ya makala ndani ya gari tupate joto. Makala yalikuwa yamelowa, ndiyo sababu pekee haikuingia. Makala yanayowaka bila moshi yanatoa sumu ile ile ya eshapema, tena nyingi. Ndani ya gari, ndani ya chumba cha kulala, ndani ya depo ya kulinda mazao usiku, babula isiingie. Na motere isizunguke mahali watu wamelala, hata eshapema ikiwa mpya. Simu zitachajiwa mchana gari likiwa linatembea.

Leo tunapoandika, motokari imesimama Tunda chini ya mwembe. Bomba limekwisha, kitambaa kimepimwa na motere ilikohoa vizuri. Kilichobaki ni kifuniko cha chini ya viti: mpira wa pembeni tumeukata kutoka mpira wa ndani wa pikipiki, lakini vifungio viwili bado vinatafutwa, na mama mtunza feza amesema hatapanda mpaka avione vimefungwa. Komite imepeleka neno Kindu. Magunia ya mchele yanangoja pamoja nasi.